Aya Moja Mbele

Mwandishi aliyedai kwamba fundisho la kuokolewa kwa imani linalea uvivu amesoma Waefeso 2 akaishia aya ya 9. Angesogea aya moja tu, angemkuta Paulo akisema tumeumbwa ili tutende mema.

Anamleta Yakobo awe shahidi wake. Haya, lakini Yakobo anamkemea nani? Anayemuaga ndugu mwenye njaa kwa maneno matamu, mkono mtupu. Imani ya mdomoni hiyo. Hata Paulo asingeitambua. Na yule mhalifu aliyetundikwa kando ya Yesu alikuwa na tendo gani la kujivunia? Hakuwa hata na muda wa kurudisha alichoiba, akaahidiwa kuwa peponi siku ileile.

Eti mjadala huu wa imani na matendo ni ugomvi wa Luther na Roma! Tarehe 31 Oktoba 1999, mjini Augsburg, Walutheri na Wakatoliki walitia saini tamko la pamoja: Mungu hutukubali kwa neema, si kwa stahili yetu. Wamethodisti wakajiunga 2006. Tofauti zimebaki, ila si hiyo anayoishikia bango.

Yeye anayetaka kupima wokovu kwa mizani ya matendo atuambie basi: matendo mangapi yanatosha?