Maji ya mvua yasiachwe yapotee

Katika muda usiotimia miaka minne, Kenya iliomboleza mara mbili kwa sababu ya maji. Tangu mwisho wa 2020 hadi mwisho wa 2022, misimu mitano mfululizo ilipita bila mvua ya kutosha. Mifugo zaidi ya milioni 2 iliangamia katika maeneo kame, na watoto wengi waliacha madawati wakafuata mifugo na ndoo za maji. Kisha masika ya 2024 yakaleta mafuriko yaliyoua zaidi ya watu 200 na kuilazimisha Serikali kuahirisha ufunguzi wa muhula wa pili.

Wako wanaodhani kwamba ukame na mafuriko ni mambo yasiyohusiana. La hasha! Joto la dunia linalozidi huyachochea yote mawili. Hewa inapoongezeka joto kwa nyuzi 1 ya Selsiasi, huweza kubeba mvuke zaidi kwa kadiri ya asilimia 7. Wakati wa kiangazi, hewa hiyo huyanyonya maji ya udongoni na mabwawani kwa pupa. Mawingu yanapokusanyika nayo, shehena yote hushuka kwa mkupuo mmoja. Wanasayansi waliouchunguza ukame huo walieleza mwaka 2023 kwamba joto hilo ndilo lililouzidisha makali.

Ni kweli kwamba Kenya huchangia chini ya asilimia 1 ya gesi zinazoipasha dunia joto, na ni haki kuzidai nchi tajiri zitimize wajibu wao. Lakini mwenye kiu hangoji mkutano wa kimataifa umalizike ndipo atafute maji. Wahenga walinena kwamba akiba haiozi. Ikiwa mvua sasa huja kwa ghafla na kutoweka kwa muda mrefu, basi kosa letu kubwa ni kuiacha ipite.

Mfano mwema tunao papa hapa nyumbani. Katika kaunti za Machakos, Makueni na Kitui, wanavijiji wamejenga kuta za mawe na saruji katika mikondo ya mito ya msimu. Mafuriko huleta mchanga ukajaa nyuma ya ukuta, na maji hujihifadhi ndani ya mchanga huo ambamo jua haliyafikii kwa urahisi. Mto ukikauka, watu huchimba au hupiga pampu wakapata maji. Kazi hiyo haihitaji mabilioni ya pesa wala wataalamu kutoka ng'ambo.

Shule nazo zina hazina juu ya mapaa yao. Walimu wa hisabati na wawape wanafunzi hesabu hii: milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1 ya maji. Paa la mita za mraba 100, likinyeshewa milimita 400 kwa mwaka, hupokea lita 40,000. Hata robo yake ikipotea, husalia lita 30,000. Wanafunzi 300, kila mmoja akinywa lita 1 kwa siku, wangetosheka kwa siku 100, ambazo ni zaidi ya siku za masomo za muhula mzima. Na hilo ni paa moja tu! Kinachokosekana ni mifereji na matangi.

Kwa hivyo, Serikali yafaa iamue kwamba darasa lolote jipya katika maeneo kame lisijengwe bila mfereji na tangi. Serikali za kaunti nazo zijenge mabwawa ya mchanga wakati wa kiangazi, mito ikiwa mikavu, badala ya kusubiri njaa ndipo zipeleke malori ya maji. Misitu ya Mau, Aberdare na Mlima Kenya, ambayo huyashika maji ya mvua na kuyaachilia polepole mitoni, ilindwe bila upendeleo.

Kifungu cha 43 cha Katiba ya 2010 champa kila mtu haki ya kupata maji safi na salama ya kutosha. Haki hiyo haitatimia kwa kuinua macho mawinguni. Mvua ya msimu ujao na ikute matangi yamekwisha kuwekwa.