Thawabu kwa Allah, Mshahara kwa Mwajiri



Leo hatuzungumzii singo wala hina. Tunazungumzia kazi, na hasa ile ambayo wasichana wengi wa visiwani huingia wakitoka chuo: kuwahudumia wenye maradhi ya akili katika jumuiya zisizo za kiserikali. Kazi hiyo tumeifanya. Tumekwenda nyumba kwa nyumba, mjini na mashamba, tukiwatafuta waliofungiwa vyumbani. Tumewasindikiza wagonjwa Kidongo Chekundu. Tumekaa barazani na mama zao mpaka wakakubali kuwa kisomo kiendelee na dawa nazo zinywewe.

Ni kazi njema na hatuibezi. Tunachokipinga ni maneno yanayotumiwa kuwanyonya wanaoifanya: "Ukhti, fanya kwa ajili ya Allah."

Maneno haya huyasikii siku unapopokewa kwa tabasamu. Unayasikia siku unapouliza mkataba. Unaingia kwa miezi mitatu ya kujitolea. Mitatu inakuwa sita, sita inakuwa mwaka. Unapewa nauli nayo haitoshi. Daladala ya Makunduchi unaimalizia mwenyewe, na vocha ya kumpigia mgonjwa unainunua mwenyewe. Saa saba za usiku simu inalia, kuna mtu anataka kujiua, na wewe huna hata mkubwa mmoja wa kumuuliza ufanye nini. Asubuhi unatakiwa ofisini, ripoti ya mfadhili haijaisha. Ukiomba siku mbili upumzike, imani yako imelegea. Ukisema yale unayoyasikia yamekuingia moyoni na usingizi huna, unaambiwa uzidishe nyiradi.

Nyiradi tunazisoma, alhamdulillah. Lakini nyiradi hazilipi kodi ya nyumba, na anayetuhimiza kuzisoma yeye mshahara wake unaingia benki kila mwezi.

Basi na tuulizane kwa dini hiyo hiyo wanayotutolea. Katika Surat At-Tawba, aya ya 60, Allah (S.W.) amewataja wanaostahiki zaka. Wa kwanza mafakiri, wa pili masikini, na wa tatu ni wale wanaoitumikia hiyo zaka. Hakuwaambia hao kuwa kwa vile kazi yenu ni ya kheri basi mtalipwa Akhera tu. Amewawekea fungu lao hapa hapa duniani, tena ndani ya mali ya masikini. Na Mtume (S.A.W.) ametufundisha kuwa mfanyakazi apewe ujira wake kabla jasho lake halijakauka. Sasa ni nani aliyetoa ruhusa ya kulikausha jasho la mwanamke mwaka mzima kwa jina la thawabu?

Waliotutangulia hawakufanya hivyo. Mwaka 1284 Sultan Qalawun alijenga hospitali kubwa Cairo, nayo ilikuwa na sehemu ya wagonjwa wa akili. Iliendeshwa kwa wakfu, na wakfu ule haukununua dawa na chakula tu, ulilipa pia mishahara ya matabibu na wahudumu. Ile ilikuwa sadaka ya sultani, na haikuwa sababu ya kumnyima muuguzi haki yake.

Wengine watasema jumuiya zetu ni masikini na mfadhili hutoa kwa msimu. Tunajua, bajeti tumeziona. Lakini mwenye fedha za watu wawili aajiri wawili, asiwabebeshe watano bure. Na anayetaka watu wa kujitolea awaite hivyo kweli: awaandikie saa zao, awarudishie nauli yote, na awaruhusu kuondoka siku watakayo bila ya kuwasema. Kujitolea ni hiari ya anayetoa. Ikiwa huwezi kukataa, hiyo si sadaka tena.

Wala hili si suala la matumbo yetu peke yake. Anayeumia zaidi ni mgonjwa. Mwanamke aliyenyamaza miaka kumi akajikaza kumwambia mshauri siri ya nyumba yake, akirudi mwezi wa pili anamkuta mwengine, na baada ya miezi mitatu mwengine tena. Kila mara aanze upya kusimulia maumivu yale yale. Mwisho haji. Mshauri aliyechoka hasikii vizuri, na asiyelipwa hakai.

Uchovu huu si deko. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani liliuingiza uchovu wa kazi uliopindukia katika orodha yake ya kimataifa ya magonjwa, si kama ugonjwa bali kama hali inayoletwa na kazi yenyewe. Basi jumuiya inayokwenda skuli kuwafundisha watoto afya ya akili, huku wafanyakazi wake wanajifungia chooni kulia, ianze somo ofisini kwake.

Sasa tuje kwako bibi harusi. Nikaha ni ibada, na pia ni mkataba. Ina walii, ina mashahidi, na mahari yanatajwa. Hakuna shekhe atakayekwambia usiulize mahari kwa sababu ndoa ni ya kutafuta radhi za Allah. Kuyataja hakukuondolei thawabu hata chembe. Iweje basi kazini ukiuliza haki yako uonekane una tamaa?

Na kuna jengine. Posa ikishaletwa, wapo wakwe wanaosema hawataki mke "anayeshinda na wendawazimu". Msichana huambiwa aache kazi kabla ya harusi. Ofisi haimshiki, kwa sababu haimgharimu kitu: hana mkataba, hana akiba ZSSF, na kiti chake kinakaliwa wiki ijayo na mwengine wa kujitolea. Anatoka mikono mitupu, kama kwamba hakufanya kitu. Angekuwa na barua ya ajira, japo angekuwa na la kuwaonesha wakwe: hii ni taaluma yangu, na ina heshima yake.

Kwa hivyo shoga yetu, kabla hujakubali, uliza wazi. Mkataba uko wapi, na ni wa muda gani? Mshahara ni kiasi gani na unalipwa tarehe ngapi? Nikijifungua, likizo yangu ipo? Simu ya usiku ni zamu ya nani? Na mimi nikielemewa, nani atanisikiliza? Sheria ya Ajira ya Zanzibar Namba 11 ya mwaka 2005 ipo, na haikusema kuwa kazi ya kheri haimo. Ukijibiwa kwa aya badala ya karatasi, chukua mkoba wako uondoke.

Na nyinyi viongozi wa jumuiya, wengine ni wanawake wenzetu: nia zetu tuachieni sisi na Mola wetu. Thawabu zetu anazijua Yeye. Nyinyi mnadaiwa mshahara.

Allah awaponye wagonjwa wetu na awape nguvu wanaowahudumia. Amin.