Anayeandika majina yetu naye ana mgongo

BUNIA – Wiki mbili zilizopita nilikuwa kwenye kambi moja ya wakimbizi wa vita hapa mjini, siku ya kuandikisha familia kwa ajili ya msaada. Watu walikuwa kwenye mstari tangu saa kumi na mbili asubuhi. Kijana aliyeandika majina alikaa chini ya turubai, ordinatere juu ya meza ya mbao, na kiti cha plastiki. Saa nane mchana akasimama, akashika kiuno, akatembea mpaka kwenye mti na kurudi. Hazikufika dakika tano. Mama mmoja nyuma yangu akasema kwa sauti: “Muangalie! Sisi jua linatukausha, yeye anatembea-tembea. Kazi ya kukaa nayo inachokesha?” Watu wakacheka. Na mimi nilicheka, sitawaficha.

Lakini kicheko hicho kilinisumbua njia nzima, kwa sababu mimi nami najua kiti. Nikitoka kutafuta habari narudi kukata sauti kwenye ordinatere, mara nyingi usiku, maana ndipo umeme unapokuja. Mwaka jana mgongo ulinishika hata nikashindwa kuinama kufunga viatu. Wengine waliniambia ni rumatisimu, wengine baridi ya usiku. Nikawa nanunua diklofenaki kila jioni na kuimeza hata kama sijala. Siku nilipofika kwenye kituo cha afya, muuguzi aliniuliza swali moja tu: “Papa, kwa siku unakaa saa ngapi?” Tukahesabu pamoja, ikawa saa 11. Akanikataza ile dawa ya kila siku, akisema inaweza kutoboa tumbo na kuharibu figo, tena haiondoi sababu. Sababu ilikuwa kiti.

Sheria ya kazi ya nchi yetu, ile ya mwaka 2002, inasema saa 45 kwa wiki, na zisipite 9 kwa siku. Waulizeni wanaoandikisha watu wakati vijiji vimekimbia kwa pamoja kama wanazijua saa hizo 45. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kazi Duniani walitangaza kwamba mtu anayefanya kazi saa 55 au zaidi kwa wiki ana hatari ya kupata kiharusi, ule ugonjwa wa kupooza ghafla, inayozidi kwa asilimia 35 ile ya mtu wa saa 35 mpaka 40. Shirika hilo la afya linaomba pia kila mtu mzima atembee kwa haraka angalau dakika 150 kwa wiki. Mama anayechota maji na kutafuta kuni amezimaliza kabla ya Jumatano. Karani anatoka nyumbani juu ya pikipiki, anashuka mlangoni pa biro, anakaa, jioni anapanda pikipiki tena.

Huo ni mwili. Moyo ni jambo lingine, na hapo ndipo ninapoona taabu kubwa. Yule kijana kazi yake ni kuuliza: Familia yenu ni watu wangapi? Wengine wako wapi? Anauliza mara 80 kwa siku, na kila mara kuna anayejibu kwamba mume aliuawa, au mtoto alipotea njiani. Anaandika namba, anaita mwingine. Na wengi wa vijana hawa ni watoto wa Djugu na Irumu, nao walikimbia. Wataalamu wa afya wanakadiria kwamba katika maeneo yenye vita, watu 22 kwa kila 100 wana ugonjwa wa akili wa aina fulani, tangu huzuni na wasiwasi mpaka magonjwa mazito. Hakuna mahali palipoandikwa kwamba mwenye kalamu hayumo katika hesabu hiyo. Inaanza polepole: usingizi unakataa, pombe inaongezeka, mtu anapigia wazee kelele. Tunasema amekuwa na kiburi. Wakati mwingine ni kiburi kweli, lakini si kila mara.

Najua mtaniuliza: mwandishi, unataka tumhurumie mwenye mshahara na kivuli, na sisi tunalala chini ya turubai lililopasuka? Hapana. Nawaambia uchovu wake unalipwa na ninyi. Nilifuata habari ya familia moja ambayo jina la baba lilikosewa herufi mbili. Liliandikwa saa kumi na moja jioni, na aliyeliandika alikuwa amekaa tangu asubuhi bila kuinuka. Siku ya kugawa chakula walikosa jetoni, wakarudi na mifuko mitupu, na kusahihisha jina kulichukua majuma sita. Watoto watano.

Kwa hiyo mimi siwalaumu wanaokaa, wala siwapi tu mashauri ya kunywa maji. Kunywa maji! Dada mmoja anayefanya kazi hiyo aliniambia hagusi maji mpaka jioni, kwa sababu mahali wanapomweka hakuna choo cha wanawake, na tayari amepata ugonjwa wa njia ya mkojo mara mbili. Hilo ni la sefu, si lake. Sefu ndiye anayeweza kuweka watu wawili kwenye meza moja wapokezane kila saa. Ndiye anayeweza kusema saa tisa mstari unafungwa, waliobaki wapewe namba za kesho, wasirudie kupanga mstari upya. Ndiye anayeweza kuwakalisha makarani wake nusu saa jioni, bila ripoti, kila mtu aseme neno gani la leo limemkaa moyoni.

Mengine ni madogo na hayahitaji ruhusa. Katoni tupu chini ya ordinatere inapandisha kioo usawa wa macho, shingo inapumzika. Macho nayo yanataka kila dakika 20 yaangalie mbali, mita 6 hivi, kwa sekunde 20. Karani wetu amwangalie mtu wa mwisho kwenye mstari, yuko mbali zaidi ya hapo.

Nilimuuliza mkubwa mmoja wa kazi hiyo kuhusu mtu wa pili mezani. Akajibu bajeti haipo. Juu ya namba za kesho hakunijibu kitu, na namba ni vipande vya karatasi. Uandikishaji mwingine unatarajiwa mwezi ujao. Nitakuwa pale, na nikimkuta yule mama kwenye mstari nitamwomba tuuhesabu pamoja muda anaotembea karani, na ule anaokaa.