Redio na Saa ya Kufuturu

Mwezi huu twasema juu ya redio, mgeni aliyehamia majumbani mwetu.

Mwaka 1951 ilianza Sauti ya Dar es Salaam, kwa ajili ya mji huo. Mwaka 1956 likaja Shirika la Utangazaji la Tanganyika. Mwaka 1965 ikawa Radio Tanzania, chini ya Serikali, ikifundisha kilimo na afya. Wengi wakumbuka Mtu ni Afya ya mwaka 1973, watu wamekusanyika makundi kusikiliza. Katika miaka ya 1990 zikaja stesheni za watu binafsi, na muziki ukazidi. Hayo ya muziki tuyaache leo.

Lililotushughulisha ni adhana ya magharibi. Redio iliyoko Dar es Salaam huadhini jua la huko likichwa, na baadhi ya nyumba zetu hushika tende papo hapo. Kilolo iko magharibi yake kwa daraja 3 na kitu, na kila daraja ni dakika 4: jua letu huchelewa zaidi ya dakika 10. Kuharakisha kufuturu ni sunna, lakini jua liwe limekuchwa. Wala kilima kikificha jua si machweo. Alfajiri haina hatari hiyo. Anayefuata adhana ya huko hujizuia mapema tu.

Basi vijana mliosoma hesabu, andikeni ratiba ya hapa hapa, muionyeshe kwa imamu, itundikwe msikitini kabla Shaaban haijesha.