Taya Nalo Lina Haki ya Kupumzika

Wako miongoni mwetu hapa Ujiji waamkao taya likiwauma, na kiungo kilicho mbele ya sikio kikialika kila wafunguapo kinywa. Hudhani ni jino. Mara nyingi ni mazoea: kukaza meno kwa hasira au fikra, na kumenya miwa kwa meno. Basi na tiba ianzie kwenye mazoea. Midomo ifungwe, meno yaachane. Yakutane wakati wa kula na kumeza tu. Kila tusikiapo adhana, tujichunguze: meno yamekazwa? Tuyalegeze. Mwayo tuuzuie kwa mkono, kama alivyotufunza Mtume (S.A.W.). Tule vyakula laini, tukande kwa maji ya moto. Kinywa kikikataa kufunguka, twende Hospitali ya Maweni, Kigoma.