Ardhi Imechoka, Haijafa



Ndugu wazazi na wanafunzi wetu, wengi wetu tunaoishi Kampala tuna kishamba Busoga au kwingineko, alichotuachia mzee. Kila msimu maneno ni yale yale: mahindi hayazai, ardhi imekufa, bora tuwakodishe wenye miwa. Hata zile ekari mbili zinazowalisha posho watoto wa madrasa yetu zilikaribia kwenda njia hiyo. Kamati iligawanyika, na sisi tuliopinga tukaonekana wakaidi.

Bado tunapinga. Ardhi ile haijafa, imechoka. Tumepanda mahindi na maharage Machi na Agosti, miaka nenda rudi, mabua tukayachoma, na hakuna tulichoirudishia. Wanafunzi wa fiqhi wanajua kuwa nisabu ya nafaka ni wasaq tano, kama kilo 650. Wazee wetu walikuwa wakitoa moja ya kumi kila mavuno. Sisi tunavuna magunia matano, hatufiki hata nisabu!

Dawa yake si ngeni. Miaka ya 1990 watafiti wa Kawanda, hapo tu barabara ya Bombo, walishirikiana na wakulima wa Ikulwe (wakati ule Iganga, leo Mayuge) kujaribu mimea ya kufunika udongo: mukuna, ambayo ni jamii ya upupu ila haiwashi, fiwi, ambayo Wakenya huiita njahi, na marejea. Mahindi yaliyopandwa baada ya mimea hiyo yalizaa zaidi. Marejea ndiyo ile iliyoenezwa na wamisionari wa Peramiho kusini mwa Tanzania. Mizizi ya mimea hii ina vinundu vyenye bakteria wanaovuta nitrojeni kutoka hewani. Majani huukinga udongo na jua na mvua kali, huyanyima magugu mwanga, na yakikatwa na kuachwa shambani huoza yakawa mbolea.

Sasa tuwe wakweli. Kikwazo kikubwa si ujinga, ni njaa. Mwenye nusu ekari na watoto sita hawezi kukaa msimu mzima bila chakula kwa ajili ya majani, na anayemlaumu hajawahi kununua unga kwa kilo. Kwa hiyo hatusemi mfunike shamba lote. Robo ipumzike msimu huu, robo nyingine msimu ujao. Au pandeni fiwi katikati ya mahindi, wiki tatu au nne baada ya mahindi kupandwa, yasije yakasongwa. Fiwi tunaipendelea kwa kuwa majani na mbegu zake huliwa. Mbegu za mukuna msizipike kama maharage, zina sumu, na watoto waambiwe mapema.

Alhamdulillah, kamati imekubali nusu ekari moja tu ijaribiwe kwa msimu mmoja. Mzazi mwenye mbegu za fiwi au marejea atuletee baada ya sala ya Ijumaa, kabla ya mvua za Agosti.