Pijo 504: Wenye Gari Wanasema Nini



Mwezi huu tunazungumza juu ya gari. Si lori, wala si trekta. Ni gari dogo la kubeba watu wa nyumba moja: baba, mama na watoto. Gari lenyewe ni Peugeot 504. Jina lake huandikwa hivyo, lakini sisi wote tunasema Pijo.

Labda utasema, "Gari hilo ni la zamani. Linanihusu nini?" Ni kweli, ni la zamani. Lilianza kuuzwa mwaka 1968 huko Ufaransa. Mwaka 1969 lilichaguliwa kuwa Gari Bora la Mwaka katika Ulaya. Magari madogo ya aina hiyo yaliacha kutengenezwa Ufaransa mwaka 1983. Lakini huku Afrika yaliendelea kuunganishwa kwa miaka mingi baadaye, katika nchi za Nigeria na Kenya. Hata leo utayaona machache yakitembea. Mengine yako chini ya mwembe, na mwenyewe anatafuta mtu wa kumwuzia. Huenda mtu huyo ni wewe. Basi ni vizuri ujue waliokuwa nayo wanasema nini.

Kwanza wanalisifu. Wanasema Pijo linajua barabara mbaya. Springi zake ni ndefu na laini. Gurudumu likiingia shimoni, linashuka na kupanda, lakini waliokaa ndani hawarushwi sana. Tumbo la gari liko juu kidogo, kwa hiyo halikwaruzi ardhi ovyo. Mzee mmoja aliyekuwa na Pijo kwa miaka kumi na minane aliniambia, "Unaweza kubeba trei ya mayai ukafika nayo mnadani." Nadhani alitia chumvi kidogo, lakini nimepanda gari hilo na najua alikuwa anasema nini.

Sifa hiyo haikuanza na 504. Kabla yake kulikuwa na Pijo 404. Zamani yalikuwako mashindano makubwa ya magari yaliyopita Kenya, Uganda na Tanganyika. Yaliitwa Safari. Mwaka 1963 magari 84 yaliondoka. Yaliyomaliza yalikuwa 7 tu, maana mvua na matope vilikuwa vingi. La kwanza lilikuwa Pijo 404. Mwaka 1968 yaliondoka magari 93, na yakamaliza 7 vilevile. La kwanza tena lilikuwa Pijo 404, na madereva walikuwa wale wale, Nowicki na Cliff. Mwaka 1966 na 1967 mshindi alikuwa Bert Shankland, dereva aliyekuwa akiishi Dar es Salaam. Halafu 504 nayo ikashinda mwaka 1975, ikiendeshwa na Ove Andersson wa Sweden. Watu waliona mambo hayo kwa macho yao, kando ya barabara. Ndiyo sababu jina la Pijo likakaa vinywani mwao.

Wenye gari wanasifu injini pia. Silinda zake si za kudumu. Kila silinda ina mkebe wa chuma unaoweza kutolewa. Ukichakaa, fundi anautoa na kutia mwingine, na injini inakuwa kama mpya. Hakuna haja ya kutupa injini nzima. Tena magari mengi ya aina hii yana tundu mbele la kutia hendeli. Betri ikifa kijijini, unazungusha kwa mkono na gari linawaka. Siku hizi huwezi kupata kitu hicho katika gari jipya!

Lakini kila gari lina tabia zake. Katika Pijo nyingi mkono wa gia uko kwenye usukani, hauko chini. Mtu aliyezoea gari jingine atautafuta kwanza. Viungo vyake vikichakaa, mkono hukwama, na dereva inambidi ashuke, afungue boneti, avivute viungo kwa mkono. Ukilipakia mizigo mizito nyuma, gari linakaa kama mbwa aliyechutama, na usiku taa zake zinamulika matawi ya miti badala ya barabara. Kutu nayo hupenda kula chini ya milango na sakafu. Ukienda kununua, inua zulia, utazame. Usione haya.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya niandike. Ni feni.

Injini ikifanya kazi inapata joto. Maji yanazunguka ndani yake, yanachukua joto hilo na kulipeleka kwenye rejeta. Feni inavuta hewa ili maji yapoe. Katika magari mengi ya zamani feni ilizunguka muda wote injini ilipowaka. Feni ya Pijo 504 haifanyi hivyo. Injini ikiwa baridi, feni haivutwi na mkanda. Inazubaa tu. Maji yakipata joto sana, umeme unapita kwenye puli, puli inakuwa sumaku, na sumaku inaikamata feni. Hapo ndipo feni inazunguka kwa nguvu. Maji yakipoa, inaachiwa tena. Waliotengeneza walitaka gari lisipoteze nguvu wala petroli bure. Ni akili nzuri.

Lakini umeme huo unafika kwenye puli kwa njia ya kipande kidogo cha makaa kinachogusa puli. Ni kidogo kama ncha ya kidole. Kila siku kinasuguliwa, na kila siku kinapungua. Kikiisha, feni haishiki tena. Kwenye barabara ya tambarare huwezi kujua, maana upepo wa mwendo unasaidia kupoza. Utajua mlimani.

Sisi tulijua mlimani. Ilikuwa mwaka 1994. Mjomba wangu alikuwa na Pijo 504 nyeupe, aliyonunua ikiwa imetumika. Dada yangu alikuwa mjamzito, na uchungu ulimshika usiku. Mkunga alisema mtoto amekaa vibaya, apelekwe Iringa haraka. Tuliondoka Ruaha Mbuyuni alfajiri. Ninyi mnaoijua barabara hiyo mnajua kwamba lazima upande mlima Kitonga. Mjomba aliendesha, mimi nilikaa nyuma na dada na shangazi.

Katikati ya mlima gari lilichemsha. Moshi mweupe ulitoka mbele. Mjomba akasimama, akafungua boneti, akachukua kitambaa akafungua kifuniko cha rejeta. Maji yalimrukia kama risasi. Mkono wake wa kulia uliungua mpaka kwenye kiwiko. Alama anazo mpaka leo.

Mimi nilikuwa kijana, na nilidhani ninasaidia. Nilichukua dumu la maji ya baridi nikamimina yote ndani ya rejeta, injini ikiwa bado ya moto. Nilisikia mlio, ti! Dereva wa lori aliyekuwa anapanda nyuma yetu alisimama. Alisema, "Kijana, umeua injini." Halafu alimtazama dada, akasema, "Mama huyu apande kwangu." Shangazi akapanda naye.

Walifika Iringa saa nne asubuhi. Dada alipasuliwa, na mtoto alitoka mzima. Daktari alimwambia shangazi kwamba wangechelewa kidogo tu, wangezungumza habari nyingine. Sikuandika jina la dereva yule, na mpaka leo najuta.

Gari lilikaa chini ya mti miezi mitano. Bodi ya injini ya Pijo ni chuma, lakini silinda hedi, yaani kile kichwa cha juu, ni alumini kama sufuria ya nyumbani. Unajua sufuria ikisahauliwa motoni bila maji inavyopinda. Na kichwa cha injini hupinda vivyo hivyo. Kikipinda, gasketi haibani tena, na maji yanaingia kwenye oili. Mjomba aliuza ng'ombe wawili ili kinyooshwe na kununuliwa gasketi. Fundi alipomaliza alimwonyesha kile kipande cha makaa kilichokwisha. Bei yake haikufika hata bei ya kuku.

Basi, ndugu msomaji, kama una gari hili au unataka kulinunua, fanya hivi. Washa injini, liache lisimame mahali pamoja, boneti ikiwa wazi. Usiguse kitu. Subiri mpaka mshale wa joto upande. Utasikia feni inashikwa, na mlio wa injini utabadilika. Usiposikia, zima injini, uite fundi. Kama kipande cha makaa hakipatikani, fundi anaweza kuifunga feni kwenye puli izunguke muda wote. Petroli itatumika zaidi kidogo, lakini utapanda mlima.

Ukikutwa na jambo hili njiani, zima injini na ukae kivulini. Usifungue kifuniko mpaka uweze kuweka kiganja juu ya rejeta bila kuungua. Hiyo huchukua karibu saa nzima. Halafu washa injini, utie maji kidogo kidogo ikiwa inazunguka. Kama kuna mgonjwa ndani, usimngojeshe gari. Simamisha gari jingine kwanza.

Na siku ya kununua, fungua kifuniko cha kutilia oili, utazame ndani yake. Ukiona utelezi mweupe kama maziwa yaliyoganda, ujue maji yanaingia kwenye oili. Mwambie mwenye gari kwa heri, au apunguze bei mpaka itoshe kununua gasketi na kumlipa fundi.

Mjomba aliendesha Pijo lake mpaka mwaka 2003. Ndani ya kisanduku cha mbele aliweka vipande vitatu vya makaa, amevifunga kwa karatasi ya daftari. Aliyelinunua gari alipewa navyo, na akaonyeshwa kazi yake kabla ya kupewa ufunguo.

Mwezi ujao tutazungumza juu ya betri na maji yake.